Kakola kwa njaa: nani alimpikia mchimba dhahabu?

Najua nimepotea. Wengine mlinitumia meseji mkiuliza kama nimetumbukia kwenye shimo la dhahabu huko nilikokwenda. Sijatumbukia. Nimerudi Malimbe salama salimini, tena nimerudi na kitambi kidogo. Kwa hiyo leo hatuongelei mitihani wala bumu. Leo tunaongelea msosi, na ndani ya msosi kuna historia. Kaeni mkao wa kula.

Kwa wasiojua, nilikuwa TP. Wiki nane, shule moja ya sekondari ya kata, jirani na Kakola, pale ulipo mgodi wa Bulyanhulu. Kwa ramani ya leo ni halmashauri ya Msalala, wilaya ya Kahama, mkoa wa Shinyanga, ila ukisogea kidogo tu upo Geita. Nafundisha Historia na Kiswahili. Mimi mtu wa Tanga, mtoto wa nazi, kule kanda ya ziwa nilikuwa naijua hii Mwanza yetu tu.

Siku ya kwanza nimeshuka stendi ya Kakola saa nane mchana, vumbi mpaka kwenye kope, tumbo linaunguruma kama jenereta. Tulipita njia ya Geita. (Zamani ilikuwa mpaka upange foleni ya kivuko pale Kigongo. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 unavuka kwenda Busisi umekaa kwenye kiti chako.) Nikaangaza macho nikaona mgahawa una mapazia, milango ya kioo na runinga ukutani. Nikajisemea hapa ndipo penyewe. Nikaagiza chipsi kuku. Nimekaa dakika arobaini na tano, nikaletewa chipsi zinazoogelea kwenye mafuta na paja la kuku gumu kama soli ya kiatu. Elfu nane. Elfu nane wadau, kwa mtu anayeishi kwa posho ya TP!

Jioni nikamlalamikia dereva wa bodaboda aliyenipeleka nilikopanga. Akacheka mpaka akapunguza mwendo. "Mwalimu, pale wanakula wageni wasiouliza. Kesho nikupeleke wanakokula watu."

Kesho yake akanipeleka nyuma ya soko. Banda la mabati, benchi mbili, moto wa mkaa, ndoo ya kunawia yenye koki, na mama mmoja wa makamo amejifunga khanga kiunoni. Mimi kwa kutaka sifa nikaamkia kwa Kisukuma nilichofundishwa na rumeti wangu: "Mwangaluka mayo!" Banda zima likaangua kicheko. Kumbe mwangaluka ni ya asubuhi, na ilikuwa saa saba mchana. Mama akanisaidia, "Sema mwadila, baba. Kaa hapo." Akaniwekea ugali wa dona, sato wa kuchemsha kwa nyanya na kitunguu, mlenda pembeni na pilipili ya kuponda. Elfu tatu. Bila nazi, na sikuikumbuka nazi. Wiki nane nimekula pale.

Sasa kilichonifanya niandike siyo ule sato. Ni aibu niliyojiletea mwenyewe darasani.

Kidato cha tatu, mada ya uchumi wa kikoloni, sehemu ya madini. Nikasema hapa nina bahati, nafundisha madini kwa watoto wa mgodini. Nikawaambia nitajieni watu wote wanaofanya kazi ili dhahabu itoke ardhini. Mikono juu: mlipuaji, dereva wa mashine, mjiolojia, fundi umeme, mlinzi. Binti mmoja wa nyuma akasema, "Mama ntilie." Darasa likacheka. Na mimi nikacheka. Sikuandika ubaoni, nikaendelea na mwingine. Yule binti akakaa, akainamia daftari lake.

Jioni nimefika bandani kwa mama, nani anaosha sahani? Yule yule binti. "Shikamoo mwalimu." Mama yake akanipakulia kama kawaida, tena siku hiyo akaniongezea mchuzi. Jamani, ule mchuzi ulipita kooni kwa shida.

Ndiyo nikaanza kujiuliza. Nimekaa chuo miaka miwili nasoma historia, najua mwaka wa mkutano wa Berlin, najua Azimio la Arusha. Swali dogo kama hili, nani aliwapikia hao wachimba dhahabu na wao walijuaje wapi pana chakula kizuri, sikuwahi hata kuulizwa. Basi nikaanza kuuliza mwenyewe, na mengine nikaunganisha na tunayosoma. Hiki ndicho nilichopata.

KABLA YA DHAHABU

Kanda ile ilikuwa njia ya watu tangu zamani. Karne ya 19 misafara ilitoka pwani mpaka Unyanyembe, yaani Tabora, na mingine ikaendelea kaskazini kuelekea ziwani. Mwaka 1858 Speke alitoka Tabora kwenda kuliona ziwa ambalo baadaye aliliita Victoria, na aliyekuwa anamwongoza na kumtafsiria alikuwa Sidi Mubarak Bombay, mzaliwa wa nchi ya Wayao. Mpagazi wa msafara hakubeba chakula cha miezi. Alipewa posho, kipande cha nguo au shanga, na kwa hiyo posho alinunua nafaka kijijini. Neno posho tunalolia nalo hapa chuoni lina mizizi huko. Na mpagazi alikuwa na tatizo lile lile nililokuwa nalo mimi stendi: umefika ugenini, una fedha kidogo, hujui mlango gani pana chungu.

Wenyeji wenyewe walikuwa wanakula nini? Ukiwauliza wazee wanaanza na mtama na uwele, ndiyo ugali wa asili wa Usukuma. Mahindi na muhogo vikaja kushika nafasi baadaye. Udaga, ule ugali wa muhogo uliovundikwa na kukaushwa, mgeni akiunusa anaweza kukimbia, ila ukishauzoea unashiba mpaka kesho. Halafu kuna michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa juani, na matobolwa, ambavyo vinachemshwa kwanza ndiyo vinaanikwa. Hii ni akili ya watu wanaoishi kwenye nchi ya kiangazi kirefu. Kiazi kibichi hakikai miezi, mchembe unakaa. Unauchemsha, unakula na karanga au maziwa mgando. Nilipewa bandani asubuhi moja badala ya chapati. Wadau, chapati ikasome.

Na mchele. Kahama na Shinyanga wanalima mpunga kwenye majaruba, yale mashamba yaliyozungushiwa matuta ili maji ya mvua yatuame. Mnaokula wali Dar mkisifia "mchele wa Kahama", huko ndiko ulikotoka.

MGODI WA MKOLONI

Dhahabu ya viwandani haikuanzia Bulyanhulu. Wajerumani walichimba Sekenke, Iramba, tangu 1909, na dhahabu ya huko ndiyo iliyotengeneza zile sarafu za Tabora za mwaka 1916 wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Chini ya Waingereza mgodi wa Geita ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 mpaka ukafungwa 1966. Na upande wa Shinyanga, mwaka 1940 John Williamson akagundua almasi Mwadui, kukajengwa mji mzima ndani ya uzio.

Kwenye kazi za mikataba za wakati ule, sehemu ya malipo ilikuwa chakula. Unga, maharage, chumvi, unapimiwa. Tena hapo ni posho, ila imebadilika: sasa siyo nguo ya kununulia chakula, ni unga wenyewe. Mwajiri aliona ni nafuu, na pia ni namna ya kumshika mtu. Anayekupimia unga ana neno juu yako. Ndiyo maana hata leo mtu akiwa na sehemu ya kula anayoichagua mwenyewe, anajiona ni mtu mzima. Fikirieni sisi wenyewe, nani hapa anapenda kupangiwa na mtu sahani yake?

MADUARA

Bulyanhulu yenyewe dhahabu ilionekana katikati ya miaka ya 70. Ni miaka ile ile ya Operesheni Vijiji, watu wamehamishwa na kupangwa vijijini, na njaa ilikuwepo. Wazee bado wanakumbuka ule unga wa njano wa msaada waliouita Yanga. Kwa hiyo habari ya dhahabu iliposambaa, hukuhitaji kumsukuma mtu. Miaka ya 80 na mwanzoni mwa 90 wachimbaji wadogo walimiminika kutoka kila kona, hasa pale serikali ilipolegeza biashara na Benki Kuu ikaanza kununua dhahabu yao.

Sasa hapa ndipo mama ntilie anapoingia, na naomba msome taratibu.

Mchimbaji mdogo halipwi mshahara. Kuna mwenye duara, yaani mwenye shimo, na kuna wachimbaji wake. Wanachimba wiki, wanachimba mwezi, hakuna kitu. Siku jiwe likitoka, likasagwa na kuchenjuliwa, ndiyo watu wanagawana. Katikati ya hapo wanakula nini? Mara nyingi mwenye duara au mfadhili wake anatoa chakula. Na asipokuwa na kitu naye, kuna mama. Mama anapika, watu wanakula, anaandika. Mwenye benki hawezi kumkopesha mtu mwenye koleo na tumaini, ila mama ntilie alimkopesha kila siku, sahani kwa sahani. Duara likitema, analipwa. Duara likiwa kapa, au likiporomoka, na yeye kapoteza.

Kwa maneno mengine yule mama naye alikuwa amewekeza kwenye lile shimo. Tena wakati huo huo imani za wachimbaji wengi zilimkataza mwanamke kushuka shimoni, eti dhahabu inakimbia. Shimoni haruhusiwi, ila chakula chake kinashuka kila siku kwenye ndoo! Teh teh teh.

Jina lenyewe linajieleza: mama, n'tilie. Nitilie chakula kwenye sahani. "Mama lishe" ni jina la kwenye hotuba na semina. Na msidhani serikali ilikuwa inawapenda muda wote. Mwaka 1983 ilikuja Sheria ya Nguvu Kazi, iliyotaka kila mtu awe na kazi inayotambulika, na mijini wengi wenye biashara ndogo walikamatwa wakaitwa wazururaji. Mtu ameamka saa kumi usiku kuwasha moto, saa nne asubuhi anaitwa mzururaji. Ilichukua muda mrefu mpaka Desemba 2018, Rais Magufuli alipotoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, ndipo wengi wakawa na karatasi ya kuonyesha.

AGOSTI 1996

Hii sehemu nilitaka kuiruka, lakini ukiiruka historia ya kula Kakola haieleweki.

Mwaka 1994 kampuni ya Sutton Resources ya Kanada, kupitia Kahama Mining Corporation, ilipata leseni ya Bulyanhulu. Mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa kwa amri ya serikali. Walikuwa wangapi, mpaka leo watu wanabishana. Zilitoka tuhuma kwamba wapo wachimbaji waliofukiwa hai mashimo yalipozibwa. Serikali na kampuni walikanusha. Mawakili wa LEAT walidai uchunguzi huru, na mwaka 2002 ofisi ya Benki ya Dunia inayoshughulikia malalamiko ilisema haikuona ushahidi wa kuthibitisha tuhuma hizo. Mjadala haukuishia hapo, na mimi mwanafunzi wa mwaka wa pili siwezi kuumaliza. Nawaachia.

Ninachoweza kusema ni kile nilichoambiwa bandani. Mama alikuwa mtoto wakati huo, mama yake ndiye aliyekuwa anapika maduarani. Anakumbuka wakitembea, mama yake amebeba sufuria mbili kichwani, moja ndani ya nyingine, na ndani yake daftari limefungwa kwenye kitambaa. Lile daftari halikulipwa hata ukurasa mmoja, kwa sababu kila aliyeandikwa mle naye alikuwa barabarani anatembea, na kila mtu na njia yake.

Kwenye vitabu tunahesabu wachimbaji na leseni. Madaftari ya namna hiyo nani aliyahesabu?

MGODI MKUBWA NA MEZA ZA NJE

Mwaka 1999 Barrick wakainunua Sutton, na mwaka 2001 mgodi wa chini ya ardhi ukaanza uzalishaji. Maji yaliletwa kwa bomba la kilometa 47 kutoka ziwani, Smith Sound. Wakati huo huo Geita nako mgodi mpya ulikuwa umefunguliwa mwaka 2000. Kanda nzima ikabadilika.

Kula nako kukabadilika. Mfanyakazi akiwa zamu anakula ndani, kwenye bwalo. Nje wakabaki wanaosubiri kazi, mafundi, madereva, wenye maduka, walimu, na mfanyakazi mwenyewe akiwa mapumziko anayetaka kula chakula chenye ladha ya kwao. Kakola ikawa na Mhaya anayetaka ndizi, Mkurya anayetaka nyama, na Msukuma anayetaka sato. Samaki nao walikuwa na historia yao. Wazee wanakumbuka furu, samaki wadogo waliokaushwa waliofika mpaka vijijini mbali. Sangara aliyepandikizwa ziwani wakati wa mkoloni akawala furu, na miaka ya 80 sangara akatawala. Minofu ikaenda Ulaya kwa ndege kutoka Mwanza, na sisi tukajifunza kula mapanki, yaani kile kichwa na mifupa kilichobaki kiwandani. Mnakumbuka ugomvi wa ile filamu ya Darwin's Nightmare ya 2004? Rais Kikwete aliilaumu waziwazi mwaka 2006. Ila mapanki ya kukaanga, tuseme ukweli, wenye njaa walishukuru.

DAFTARI

Machi 2017 serikali ikazuia kusafirisha makinikia, ule mchanga wenye dhahabu na shaba. Mnakumbuka makontena 277 bandarini, kamati ya Profesa Mruma, kisha ya Profesa Osoro. Nchi nzima tulikuwa kwenye televisheni. Septemba mwaka ule Acacia, ambao ndio walikuwa wanaendesha mgodi wakati huo, wakatangaza kupunguza shughuli Bulyanhulu, na ajira zipatazo 2,000 zikawa zinaondoka, za waajiriwa na za wakandarasi.

Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi Tanga, kwangu ilikuwa habari ya saa mbili usiku. Bandani ilikuwa habari ya sufuria.

Nilimuuliza mama mwaka ule ulikuwaje. Akaniambia subiri. Akatoa kwenye ndoo ya plastiki daftari kubwa, limeliwa na mafuta pembeni. Macho yangu yakawaka, si unajua mtu wa historia akiona chanzo halisi! Nikamwomba nipige picha kurasa chache niwaonyeshe wanafunzi. Akalifunga pale pale.

"Hapana mwalimu. Haya ni madeni ya watu. Aibu ya mtu haisomwi darasani."

"Mama, wameondoka na hela yako lakini."

"Wameondoka na njaa. Wengine wamelipa. Kuna mmoja 2019 alinitumia kwenye simu elfu arobaini na sita, hata sikumkumbuka, mpaka nilipofungua humu."

Nikaona haya tena, mara ya pili kwa familia ile ile. Lakini alikubali kitu kimoja. Alifunika majina kwa kiganja akaniachia niangalie upande wa chakula tu. Wadau, sijawahi kusoma ukurasa wa historia kama ule. 2016: sato, sato, nyama, sato, wali nyama, soda. Katikati ya 2017: sato, dagaa, dagaa, maharage. 2018: maharage, maharage, ugali mtupu na mchuzi. Halafu kuna kurasa hazina kitu kabisa, kwa sababu banda lilifungwa, akarudi kijijini kulima mpunga. Septemba 2019 Barrick wakaichukua Acacia, Januari 2020 makubaliano na serikali yakasainiwa na Twiga Minerals ikawa na asilimia 16 za serikali, na mwishoni mwa 2020 uchimbaji chini ya ardhi ukaanza tena. Hayo nayajua kutoka magazetini. Kwenye daftari la mama inaonekana 2021, mistari inaanza tena: maharage, dagaa, dagaa, sato.

Hapo ndipo nilipopata somo langu. Kesho yake niliingia kidato cha tatu nikafuta ubao, nikaandika juu kabisa, kabla ya mlipuaji na mjiolojia: MAMA NTILIE. Nikamwambia yule binti mbele ya wenzake kwamba juzi yeye alijibu sawa na mimi mwalimu nilikosea. Nikawapa kazi: kila mtu akaulize nyumbani, mwaka ambao hali ilikuwa ngumu kuliko yote mlikula nini na nani alikupikia. Nilirudishiwa karatasi arobaini na kitu. Nimezisoma zote usiku kwa tochi ya simu.

SASA UNAPATAJE PA KULA

Najua kuna walioruka mpaka hapa. Sawa, wenye njaa hamna subira. Kwa wanaokwenda TP mwakani, Kakola, Bugarama, Kahama au Geita, haya ndiyo niliyojifunza. Yote yana historia niliyoieleza, kwa hiyo rudini mkasome.

Kwanza, usichague kwa macho, uliza. Muulize anayekula kwa hela yake mwenyewe kila siku: bodaboda, fundi wa gereji, kuli wa sokoni. Anayelipiwa na ofisi hajui chakula kizuri kiko wapi, anajua risiti inatolewa wapi.

Pili, angalia maji kabla ya kuangalia nyama. Nchi ile ina ukame, maji ni gharama. Mama anayekupa maji ya kunawa ya kutosha na sabuni, huyo hajabana popote.

Tatu, nenda mapema. Samaki anatoka ziwani, siyo jirani. Saa saba unapata sato, saa tisa unapata stori ya sato.

Nne, uliza ugali gani. Sembe, dona au udaga. Anayekujibu kwa kirefu ndiye anayepika mwenyewe. Asubuhi uliza michembe. Ukikuta, kaa.

Tano, na hii ndiyo kubwa, tafuta banda lenye daftari. Simaanishi ukope, maana najua tabia zenu. Namaanisha kwamba pale penye daftari, mama anawajua wateja wake, na wateja wanarudi. Chakula kibovu hakikopeshwi, kwa sababu aliyekula vibaya harudi kulipa.

Na hili linatuhusu hata sisi hapa Malimbe. Chuo ni mgodi wetu. Sisi ndio wenye maduara, tunachimba tusichokijua kama kitatoka. Machi 2020 vyuo vilipofungwa kwa corona mpaka Juni mosi, sisi wengine tulikuwa bado sekondari, ila kina mama wa huku waliowapikia kaka na dada zetu walikuwa hapa hapa, na sufuria zao, na madaftari yao. Ulishawahi kumuuliza mama unayekula kwake kila siku wale waliograduate mwaka ule walilipa? Muulize. Ila usimwombe kupiga picha.

Siku ya kuondoka nilikwenda kuaga. Nilikuwa na deni langu elfu sita, mtandao wa simu ulikuwa umelala siku mbili, mfukoni nina nauli tu. Nikaanza kujitetea. Mama akaandika bila maneno mengi, akanifungia michembe kwenye mfuko wa rambo, akasema, "Nenda baba, usome." Binti yake akanipa mkono. Ameniambia anataka kusomea historia. Nikamwambia ameshaanza, amenitangulia.

Deni nililipa siku ile ile nilipofika Nyegezi, meseji ya muamala ninayo, msije mkasema. Michembe imebaki kidogo, rumeti wangu anainyemelea. Anayetaka kuonja awahi kabla ya saa mbili, karanga aje nazo mwenyewe.

Nawakilisha.